Kilio cha Directeur

Cikuru hakuingia kwenye ukumbi ule kutafuta maarifa. Aliingia kutafuta chakula cha bure. Hoteli moja ya Louisville ilikuwa imemwajiri kupanga viti, na siku ile ya masika ya mwaka 2015, alipomaliza kuvipanga, aliona si haki vyote vikaliwe na watu wengine. Akavua fulana ya kazi, akavaa koti ambalo mgeni mmoja alilisahau tangu Krismasi, akaketi safu ya nyuma karibu na meza ya sandwichi.

Mbele alisimama bwana mmoja aliyevaa suti na raba, mavazi ambayo Cikuru aliyatambua mara moja kuwa ya mtu mwenye pesa. Bwana yule akachora duara tatu zinazoingiliana. Moja akaiandika watu, ya pili dunia, ya tatu faida. Akaeleza kwamba siku hizi kuna biashara za kijamii: zinasafisha mto, zinaajiri wajane, zinapanda miti, na jioni mwenyewe bado anakula. Halafu akasema jambo lililomfanya Cikuru aache kutafuna. Wapo watu, alisema, wanaotia pesa zao kwenye biashara kama hizi wala hawaulizi haraka zimefika wapi, maana wanachotaka ni matokeo mema, na matokeo mema huchukua muda.

"Huchukua muda," Cikuru akanong'ona. Maisha yake yote alikuwa akitafuta mteja asiye na haraka.

Marehemu hasemwi vibaya, lakini huyu ni mzima, kwa hiyo tumseme. Cikuru hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mvivu mwenye kipaji, na heri mbaya, maana mbaya anajulikana mapema. Tangu utoto wake Bukavu, wahenga waliposema maneno matamu humtoa nyoka pangoni, majirani walimtazama yeye. Jioni ile aliirudisha fulana ya hoteli. Koti alibaki nalo. Mama yake, M'Nshombo, ambaye alikuwa akiishi naye, alimuuliza kazi imekuwaje, naye akajibu kwamba sasa yeye ni Directeur.

"Directeur wa nini?"

"Wa impact, mama."

"Na mshahara?"

"Huchukua muda," akasema Cikuru, akafunga begi.

Alianzia Columbus. Huko alimpata Jean Bosco, Mrundi aliyekulia kwenye kambi za Kigoma, mtu mpole anayeongea Kiswahili kilichonyooka na anayeamini kwamba kila mtu yuko hivyo. Cikuru alimweleza habari za kukusanya nguo kuukuu na kuzishona mifuko, ili plastiki iishe duniani. Jean Bosco hakuwa na pesa, ila alikuwa na gari jeupe la mizigo, akalitoa liwe mtaji, akapewa cheo cha Mkuu wa Usafiri. Cikuru akachora jani la kijani mlangoni mwa gari. Asubuhi moja akatoka nalo kwenda kutafuta nguo kuukuu, akatafuta mbele, akatafuta mbele zaidi, mpaka akajikuta Buffalo.

Buffalo ilimpokea kwa harufu. Mtu yeyote anayepita Bailey Avenue na njaa anajua: mabawa ya kuku yanakaangwa kutoka mwanzo wa barabara hadi mwisho, na kila jiko lina mapipa ya mafuta meusi nyuma ambayo mwenye mkahawa hulipa watu wamwondolee. Cikuru alisimama penye taa nyekundu, akashusha kioo, akavuta pumzi. Taa ikawa kijani na waliokuwa nyuma wakampigia honi, lakini yeye alikuwa ameshaona kiwanda.

Jumapili iliyofuata alikuwa kanisani, mtaa wa Kensington-Bailey, na baada ya ibada aliomba dakika chache kwenye chumba cha chini. Wakaja akina mama wa likelemba, wale ambao kila mwezi huchanga na mmoja wao hupokea, na aliyewaongoza alikuwa Mama Gracieuse. Akaja pia Papa Ruberwa, rais wa mutualité, chama cha kusaidiana cha Wakongo wa pale, anayeendesha mashine ya kuinua mizigo kwenye ghala moja la Cheektowaga na ambaye hakuna cheo kilichowahi kumpita bila kusalimiana naye. Cikuru akachora duara zake tatu.

"Bon. Muangalie. Hii ni batu. Hii ni dunia. Hii ni faida. Mafuta ile banatupa, sisi tunaichukua bure. Donc dunia inapona. Tunatoshamo sabuni, donc batu banapata kazi. Tunauzisha sabuni, na kila kipande, muti moja inapandwa kule kwetu Kivu."

"Na faida?" akauliza Mama Gracieuse.

"Iko katikati."

"Katikati naona nafasi ndogo sana."

"Ni ndogo juu sijaandikamo jina," akasema Cikuru, akachukua chaki, akaandika pale katikati: Gracieuse.

Akina mama wakapiga vigelegele. Papa Ruberwa akakohoa. Cikuru, aliyekijua kikohozi cha aina hiyo, akamgeukia kwa heshima na kumwambia kwamba shirika kama hili haliwezi kutembea bila Vice-Directeur. Papa Ruberwa alisema hawezi kukubali haraka hivyo, na wakati huohuo alikuwa akisimama ili apigiwe makofi.

Wote hawa kutengeneza sabuni walikuwa wanajua, mama zao walichemsha mise, yaani mafuta ya mawese, na majivu kule nyumbani. Walichokosa ni chungu kikubwa cha chuma, mahali pa kuchemshia, na mtu mwenye mdomo wa kwenda kwa wenye mikahawa. Mama Gracieuse hasa alikuwa na sababu. Kwa majira mawili ya baridi alikuwa akifunga nyama kwenye chumba cha barafu huko Tonawanda, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kumkataa. Asubuhi alishindwa kufunga vifungo vya gauni lake mwenyewe. Alikuwa amejiapiza kwamba baridi ya tatu haitamkuta mle. Kwa hiyo likelemba ilisimamishwa, kila mama akatoa akiba yake, na zote zikaingia kwenye mkoba mweusi wa Directeur. Cikuru aliuona ule mkono wa Mama Gracieuse ulipoweka bahasha, ulivyotetemeka bila woga. Inatupasa kusema kwamba aliangalia pembeni. Halafu akafunga mkoba.

Chungu, alisema, kipo Louisville, kwa mzungu mmoja rafiki yake. Ataondoka Ijumaa kwenda kukinunua. Louisville ilikuwa mahali pa mwisho alipopanga kwenda. Alikuwa ameangalia ramani, akapenda Texas.

Alhamisi jioni, wakiwa wamekusanyika kumwombea safari, Mama Gracieuse akasema, "Directeur, tunaenda batatu. Weye, mimi, na Papa Ruberwa. Chungu ya chuma, mutu moja ataibeba namna gani?"

"Vice-Directeur lazima aone machine," akaongeza Papa Ruberwa, ambaye alikuwa ameshaomba ruhusa kazini na kununua miwani ya jua.

Cikuru alihisi Texas ikirudi nyuma. Akasema simu inaita, ingawa haikuita, akatoka mpaka kwenye ngazi. Hapo ndipo alipokosea.

Kule hotelini Louisville alikuwa na mwenzake wa kazi, Mmarekani, aliyefiwa na mama. Cikuru aliyaona yote: yule bwana alipewa kadi iliyotiwa sahihi na kila mtu, akapewa siku tatu, akaingia kwenye gari lake peke yake akaenda zake. Hakuna aliyemfuata. Hakuna aliyeuliza anaenda wapi wala amebeba nini. Cikuru alistaajabu siku ile jinsi msiba unavyoweza kumfungulia mtu mlango, na jambo hilo likakaa akilini mwake kama akiba. Sasa akaitoa. Kwamba yeye si Mmarekani, na kwamba ndani ya chumba kile hakukuwa na Mmarekani hata mmoja, halikumjia kabisa.

Akarudi ndani, simu mkononi, uso umeanguka.

"Mama yangu," akasema. "Mama yangu alituacha. Sasa hivi. Louisville. Muniruhusu niende miye peke, haraka. Chungu nitakuya nayo nikishamuzika."

Mama Gracieuse akaweka mikono kichwani na kutoa ukemi ambao, nasikia, watu walioegesha magari Bailey Avenue waliusikia na kufunga milango. Akina mama wote wakaupokea. Kufumba na kufumbua, Cikuru alikuwa ameketishwa chini kwenye mkeka, kiatu kimoja kimevuliwa, mama mmoja akimpepea na mwingine akimshikilia asijirushe, ingawa hakuwa amejaribu kujirusha.

"Nashukuru," akasema Cikuru, "lakini niko nachelewa..."

"Kuchelewa wapi?" akasema Papa Ruberwa, machozi yakimtiririka. "Weye uko na kilio. Mutu wa kilio ataendesha gari? Leta clé."

Funguo zikaenda.

"Mutu wa kilio atajibu simu? Leta, batu bakipiga miye nitajibu."

Simu ikaenda.

"Na mutu wa kilio," akasema Mama Gracieuse, aliyekuwa ametoka kidogo na simu yake na kurudi, kwa sauti ya upole, "atabeba muzigo? Hapana, mwana yangu. Ni haya kwetu." Akautoa ule mkoba mweusi mkononi mwake, kidole kimoja kimoja, akauweka mapajani pake na kuukunjia kitenge. Hakuuachia tena.

Alikimbia watu wawili, akaletewa ukoo. Wanaume kadhaa walilala sebuleni kwake, mmoja wao kizingitini hasa, ili mfiwa asiamke akajikuta peke yake na kuwaza mambo mabaya. Alikuwa akiwaza mambo mabaya, lakini si yale waliyoyaogopa. Ijumaa nzima watu waliingia na kutoka. Sombe, yaani kisamvu, ikapikwa, maharagwe yakapikwa, beseni la plastiki likawekwa mlangoni kwa ajili ya rambirambi, na wafanyakazi wa maghala na viwanda walitia mle kabla hata ya kusalimia. Cikuru aliona beseni linavyoongezeka, akaanza kupata faraja. Akajiambia kwamba msiba nao, ukiuangalia vizuri, ni biashara ya kijamii. Angevumilia kidogo, angeondoka na mkoba na beseni.

Jioni Papa Ruberwa akarudi kutoka duka la fulana huko Cheektowaga. Alikuwa amechukua picha ya M'Nshombo kwenye simu ya mfiwa na kuichapisha kwenye fulana nyeupe za kutosha msafara mzima. Chini ya uso wa mama iliandikwa: PUMZIKA KWA AMANI, MAMA WA DIRECTEUR.

"Msafara gani?" akauliza Cikuru.

"Tutakuacha uzike peke yako?" akasema Papa Ruberwa, akaumia kweli.

Jumamosi alfajiri magari yakatoka. Mbele lilikwenda lile jeupe lenye jani la kijani, Papa Ruberwa akiliendesha na miwani yake ya jua. Katikati aliketi Cikuru ndani ya fulana yenye uso wa mama yake, na dirishani aliketi Mama Gracieuse na mkoba. Nyuma walifuata wengine wakiimba nyimbo za safari ya mbinguni. Karibu na adhuhuri Cikuru akaona bango la Columbus.

"Tupite tu," akasema haraka. "Kilio haingoji."

"Tutapumzika kidogo," akasema Mama Gracieuse. "Nilipigia kanisa ya hapa. Banatungoja na chakula."

Walikuwa wakiwangoja kweli, mstari mzima mbele ya kanisa, nguo nyeusi, na katikati ya mstari alisimama Jean Bosco. Aliliona gari kabla ya kumwona mtu. Aliliangalia kuanzia taa hadi taa, kama mzazi anayemkagua mtoto aliyepotea sokoni. Halafu akamwona Cikuru akishushwa, ameshikiliwa huku na huku, uso wa marehemu kifuani. Jean Bosco akafungua mdomo. Akaufunga. Kwao, kama kwetu, mfiwa hadaiwi kabla ya kuzika, hata kama amekalia kiti chako.

Akampa mkono. "Bwana Cikuru, pole sana kwa msiba."

"Asante, kaka."

"Mama ni mama."

"Kweli kabisa."

"Yale mambo mengine," akasema Jean Bosco bado ameushika ule mkono, "tutazungumza baada ya mazishi. Nami nakuja. Siwezi kukuacha."

Hakuwa peke yake. Kumbe Columbus kulikuwa na wengine waliotoa nguo, cherehani na imani, na wote walikuwa watu wa adabu. Wakatia rambirambi kwenye beseni lililosafiri kutoka Buffalo, mmoja mmoja, wakimwangalia mfiwa machoni, na kila mmoja akasema neno lilelile: baada ya mazishi. Msafara ukaondoka Columbus umekuwa mrefu maradufu.

Sasa Cikuru akaogopa. Alikuwa anasindikizwa na wadai wake wote kwenda kumzika mwanamke aliye hai. Angeweza kukimbia walipotulia kwenye taa, lakini mkoba ulikuwa pale, umbali wa kiwiko, na moyo wake ulikataa kuuacha. Tamaa ilimfunga kuliko kamba. Kwenye kituo cha mafuta upande wa Cincinnati akaomba kwenda msalani. Wanaume wawili wakamsindikiza mpaka mlangoni. Ndani alimkuta dereva wa lori ananawa mikono, akamwomba simu kwa dakika moja, na kwa kuwa alikuwa na uso wa mama yake kifuani, dereva akampa bila kuuliza.

"Allo, mama? Ni miye, Cikuru."

"Cikuru gani?"

"Mwana yako!"

"Ah. Ule directeur."

"Mama, sikiliza. Batu banakuya kwako leo. Bengi. Naomba..." Akashusha sauti. "Naomba ufe kidogo."

M'Nshombo akasema, "Nife kidogo."

"Siku mbili tu! Ujifiche kwa jirani. Baseme mwili iko hospitali. Kisha miye nitapanga yote."

"Sawa. Nitavaa nini?"

"Nini?"

"Niko nauliza. Mutu akikufa anavaa kitu. Kitenge ya bleu, ao ile ya ndoa ya dada yako?"

"Ya bleu, mama," akasema Cikuru. Hakuna kama mama. Alirudi garini amenyooka kidogo, akala hata kipande cha kuku.

Walifika Louisville jua likiwa bado juu. Kwenye uwanja wa nyuma wa zile nyumba za ghorofa turubai lilikuwa limefungwa, viti vimepangwa, masufuria yanafuka. Cikuru alijisikia vizuri: mama alikuwa ameifanya kazi kwa ukamilifu. Kina mama wakaanza kulia, Papa Ruberwa akatangulia mbele na shada la maua, akiyumba kwa huzuni. Akafika chini ya turubai, akainua macho.

Kwenye kiti cha mbele, ndani ya kitenge cha bluu, alikuwa ameketi M'Nshombo.

Papa Ruberwa akaangalia fulana yake. Akamwangalia yule mama. Akaangalia fulana tena. "Yesu!" akasema, akakaa chini juu ya shada la maua. Nyuma yake kilio kilikatika, watu wakarudi hatua wakikanyagana, uso uleule ukiwa umesimama kifuani kwa kila mmoja wao.

M'Nshombo akamvuta Papa Ruberwa fulana, akaitazama kwa karibu. "Hii picha ni mbaya," akasema. "Mulikosa ingine? Bon. Mukae, mulitoka mbali. Karibuni ku kilio."

"Kilio ya nani?" akauliza Papa Ruberwa kutoka chini.

"Ya directeur. Alinipigia leo ku saa tisa, akaniomba nife. Nikaona, mutu anaweza kuomba mama yake vile, ule amekwisha kufa yeye. Donc tunazika yeye. Cikuru, kuya hapa."

Cikuru alikwenda. Miguu yake ilikwenda yenyewe, jinsi inavyokwenda miguu ya mtoto akiitwa na sauti ile, hata akiwa na miaka thelathini na ushee. M'Nshombo akaagiza lile koti la hotelini litolewe garini, akalikunja vizuri, akaliweka ndani ya sanduku la ndizi, akafunika. Halafu akasimama na kuuliza yale ambayo ndugu wa marehemu huuliza kila mahali tulipotoka, udongo unapokwisha kupigwa: "Nani anamudai marehemu? Aseme sasa, juu kesho hatutamusikiliza tena."

Jean Bosco akanyoosha mkono, kwa adabu. "Mimi, mama. Gari."

"Chukua."

Papa Ruberwa akavua funguo shingoni huku akilia tena, safari hii kwa sababu alikuwa amelipenda lile gari. Wenye cherehani wakasema, wenye nguo wakasema. M'Nshombo alimwangalia mwanawe kila jina lilipotajwa, na kila jina lilipotajwa Cikuru aliinama zaidi. Ilipofika zamu ya Buffalo, Mama Gracieuse alisimama na mkoba wake kwenye kitenge.

"Sisi hatudai," akasema. "Pesa yetu tuko nayo tangu Alhamisi."

Cikuru akainua kichwa. "Ulijua?"

"Alhamisi ile nilipigia dada wa chorale yetu, iko anakaa huku Louisville, juu mwili iko wapi, tutume maua. Akaniambia, M'Nshombo yupi? Ule tuko tunamenya naye ndizi? Akamupatia simu." Mama Gracieuse akacheka kidogo, na M'Nshombo naye akacheka, na ikawa dhahiri kwamba wanawake wale wawili walikuwa wamecheka pamoja tangu Alhamisi. "Nikasema nikiita polisi, atasema hii, atasema ile, na mdomo wake naujua. Lakini mutu wa kilio, yeye mwenyewe anakupatia mkoba. Nikalia kabisa."

"Sasa kama ulikuwa na pesa, kwa nini kunileta huku kote?"

"Pesa tulikuwa nayo. Mutu ndiyo tulikuwa hatujapata." Akanyoosha ile mikono yake, vidole vimekunjamana. "Cikuru, ile projet ulisema ni ya kweli. Weye tu ndiye haukujua. Mafuta iko, sabuni tunajua, mama wote banataka. Lakini nani ataongea na wale wa mikahawa? Miye nikiongea, banafunga mlango. Weye ukiongea, mutu anatoa gari yake. Mdomo vile hatuwezi kuutupa. Nikamuomba mama yako akupatie kwetu."

"Nilimupatia," akasema M'Nshombo. "Bila mahari."

Watu wakacheka, na hapo Cikuru akalia. Alilia kwa aibu na kwa uchungu, kwa sababu ya ule mkono uliotetemeka juu ya bahasha na kwa sababu ya kitenge cha bluu alichomchagulia mama yake afie. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Alhamisi mfiwa kutoa chozi, na hakuna aliyempepea.

Likabaki beseni. M'Nshombo akasema kila mtu achukue alichotia, maana hakuna aliyekufa. Jean Bosco ndiye aliyesema kwamba rambirambi ikishatolewa hairudi mfukoni, ni mkosi. Kwa nini isinunue chungu? Basi ikanunua chungu, kutoka kwa mtu ambaye si rafiki wa mtu yeyote. Halafu wakala, maana chakula kilikuwa kingi na hakikuwa na kosa.

Baridi ya mwaka ule ilipoingia Buffalo, Mama Gracieuse hakuwa tena Tonawanda. Alikuwa Bailey Avenue, kwenye chumba kilichokuwa zamani cha kufulia nguo, mikono yake juu ya mvuke wa chungu, na vifungo vya gauni akivifunga mwenyewe. Papa Ruberwa ndiye Directeur, na ana kofia yake. Jean Bosco huja na gari lake la jani la kijani, funguo zikining'inia shingoni mwake hata akiwa anakula.

Na Cikuru hubeba mapipa. Angekimbilia wapi? Ile picha ya fulana imezunguka WhatsApp ya kila mutualité, na Texas nako kuna Wakongo. Asubuhi huingia kwenye mlango wa nyuma wa mkahawa, anavua kofia, anachora duara tatu kwenye vumbi la unga juu ya meza, anaeleza: watu, dunia, faida. Wenye mikahawa husikiliza mpaka kuku wanaungua, na mafuta yote wanampa. Hadanganyi mtu, Mama Gracieuse amemkagulia kila neno. Hata miti inapandwa kweli. Anapotoka anajisikia vibaya kidogo, kama mtu aliyelipa kitu ambacho angeweza kukipata bure.

Wiki iliyopita alisimama mlangoni pa chumba cha sabuni, akakohoa, akaomba ruhusa ya siku moja tu, ana jambo la kifamilia.

Mama Gracieuse hakugeuka kutoka kwenye chungu. Akina mama wengine waliacha kukata, visu hewani, na mmoja wao alikuwa ameshaweka mkono kichwani tayari.

"Nani amekufa?" akauliza Mama Gracieuse.

Cikuru akaenda kuchukua pipa.